Ufahamu wa Maradhi katika Saikosisi: Historia ya Dhana na Urithi Wake katika Afrika ya Mashariki

Ikisiri

Makala haya yanachunguza historia ya dhana ya ufahamu wa maradhi, yaani kiasi ambacho mtu mwenye saikosisi anajua kwamba ameugua, pamoja na uhusiano wa ufahamu huo na utendaji wa akili. Hoja kuu ni kwamba katika Afrika ya Mashariki dhana hii haikuingia peke yake. Iliingia katika mazingira ya hospitali za kikoloni ambamo nadharia nyingine ilikuwa ikijengwa, nadharia iliyodai kwamba Mwafrika kwa jumla, awe mzima au mgonjwa, hana uwezo kamili wa kujitazama na kujipima. Makala yanaonyesha jinsi mambo haya mawili yalivyokaribiana katika maandishi ya madaktari wa Mathari, jinsi utafiti wa baadaye ulivyosaidia kuyatenganisha, na kwa nini Kiswahili kinahitaji istilahi zitakazozuia mchanganyiko huo usijirudie katika kliniki zetu.

1.0 Utangulizi

Uchunguzi wa hali ya akili, kama unavyofundishwa katika vyuo vya udaktari, hufuata utaratibu unaojulikana. Daktari huangalia mwonekano wa mgonjwa, mazungumzo yake, hisia zake, mawazo yake, kumbukumbu yake na umakini wake. Mwishoni kabisa huandika iwapo mgonjwa anafahamu kwamba anaumwa. Mara nyingi jambo hilo hujazwa kwa maneno mawili au matatu tu: anafahamu, anafahamu kidogo, hafahamu.

Maneno hayo machache yana uzito mkubwa kuliko urefu wake. Mgonjwa wa shinikizo la damu anapokataa dawa, tunasema amekataa dawa. Mgonjwa wa saikosisi anapokataa dawa, na katika jalada lake imeandikwa kwamba hana ufahamu wa maradhi yake, kukataa kwake huhesabiwa kuwa sehemu ya ugonjwa. Anachokisema hakipimwi tena kama maoni. Hupimwa kama dalili. Wakati mwingine hesabu hiyo ni sahihi na huokoa maisha. Wakati mwingine humfungia mtu mlango wa kusikilizwa, naye akawa na jambo la kweli la kusema.

Kwa hiyo swali la nani anajua kwamba anaumwa, na nani ana mamlaka ya kuamua kwamba mwenzake hajui, ni la kitabibu na pia la kihistoria. Makala haya yanalifuatilia kwa hatua nne: chimbuko la dhana katika Ulaya, matumizi ya fikra zinazokaribiana nayo katika hospitali ya Mathari, Nairobi, utafiti uliofuata baada ya uhuru, na nafasi ya lugha ya Kiswahili katika kuizungumzia.

1.1 Suala la istilahi

Kabla ya kuendelea ni lazima kutatua tatizo la neno. Katika maandishi ya Kiswahili ya afya na saikolojia, neno utambuzi hutumika kwa maana tatu. Kwanza, ni kazi ya tabibu ya kubaini ugonjwa alio nao mtu. Pili, ni shughuli nzima ya akili ya kupokea habari, kukumbuka, kufikiri na kuamua. Tatu, ni hali ya mgonjwa mwenyewe kujua kwamba anaumwa. Sentensi kama “mgonjwa ana utambuzi mdogo” inaweza basi kusomwa kwa namna mbili zilizo mbali sana: kwamba akili yake inafanya kazi kwa udhaifu, au kwamba hakubali kuwa ni mgonjwa.

Makala haya yanatumia utambuzi kwa kazi ya tabibu pekee. Shughuli ya akili inaitwa utendaji wa akili. Hali ya mgonjwa kujua maradhi yake inaitwa ufahamu wa maradhi. Neno ufahamu lisichanganywe na fahamu za mtu aliyezirai; linabeba hapa maana ya kuelewa jambo na kulitia maanani. Kama itakavyoonekana, kutenganisha maneno haya kunahusu zaidi ya unadhifu wa lugha, kwa kuwa makosa makubwa ya historia hii yalitokana na kuyachukulia mambo hayo kana kwamba ni kitu kimoja.

2.0 Chimbuko la dhana katika Ulaya

Kwa muda mrefu wazimu ulieleweka katika Ulaya kuwa ni kupotewa na akili yote. Kwa mtazamo huo swali la ufahamu halikuwa na nafasi. Aliyeweza kusema “mimi ni mwenda wazimu” alionekana kwa tamko hilo hilo kuwa si mwenda wazimu. Mabadiliko yalianza Ufaransa mwanzoni mwa karne ya 19. Philippe Pinel na mwanafunzi wake Jean-Étienne Esquirol walieleza wagonjwa ambao akili yao ilikuwa imeharibika katika jambo moja au machache tu, huku katika mambo mengine wakifikiri sawasawa. Mwaka 1861 Ulysse Trélat alichapisha kitabu kizima kuhusu wazimu wenye mwanga, yaani hali ya watu wanaozungumza vizuri na kujibu maswali kwa busara ilhali mwenendo wao ndani ya nyumba unawatesa jamaa zao.

Mara tu ilipokubalika kwamba mtu anaweza kuwa mgonjwa wa akili na bado akafikiri, ilibidi kuuliza kama anaweza pia kuufikiria ugonjwa wake. Mahakama nazo zilikuwa na haja ya jibu. Nchini Uingereza, kesi ya Daniel M'Naghten ya mwaka 1843 ilizaa kanuni iliyouliza kama mshtakiwa, kwa sababu ya ugonjwa wa akili, alishindwa kujua asili ya kitendo chake au kujua kwamba kitendo hicho ni kosa. Kanuni hiyo ilisafirishwa katika makoloni, na athari yake imo hadi leo katika sheria za jinai za Kenya, Uganda na Tanzania. Izingatiwe kwamba sheria haiulizi kama mtu alijua kuwa ni mgonjwa. Inauliza kama alijua anachokitenda. Daktari na hakimu walianza hapo kutumia maneno yanayofanana kwa maswali yaliyo tofauti.

Kufikia mwanzo wa karne ya 20 suala hili lilikuwa limepata mahali pake katika sayansi ya magonjwa ya akili ya Ujerumani na Uswisi. Emil Kraepelin aliona kwamba wagonjwa wengi wa hali tunayoiita leo skizofrenia hupoteza ufahamu wa maradhi kadiri ugonjwa unavyokomaa, ingawa mwanzoni baadhi yao huhisi badiliko linalowajia. Eugen Bleuler, aliyeanzisha jina la skizofrenia na kuchapisha kitabu chake kikuu mwaka 1911, alieleza jambo la ajabu zaidi. Mgonjwa anaweza kushikilia kwamba yeye ni mtu mkuu sana, kisha akashika ufagio na kufanya kazi ya usafi wodini bila kuona mgongano wowote. Bleuler aliifananisha hali hiyo na mfanyabiashara anayeweka daftari mbili za hesabu. Kwa maneno mengine, kujua na kutojua vinaweza kukaa ndani ya mtu mmoja kwa wakati mmoja.

Karl Jaspers, katika kitabu chake cha mwaka 1913, alitofautisha hatua mbili. Ya kwanza ni hisia ya mgonjwa kwamba ameugua au amebadilika. Ya pili ni uamuzi sahihi juu ya aina na ukali wa maradhi. Mtu anaweza kuwa na ya kwanza bila ya pili. Mwaka 1934 Aubrey Lewis, daktari mzaliwa wa Australia aliyefanya kazi London, aliandika makala iliyokuwa rejea kwa miongo mingi. Aliuona ufahamu wa maradhi kuwa ni msimamo sahihi wa mtu kuhusu badiliko la kiugonjwa lililo ndani yake, lakini hapo hapo akatahadharisha. Mgonjwa hulitazama badiliko hilo kwa akili ile ile iliyoguswa na ugonjwa, na kwa hiyo si haki kumtarajia auone ugonjwa wake kama daktari anavyouona kutoka nje. Waswahili wana msemo kwamba adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Lewis anatukumbusha kwamba aijuaye kwa ndani huijua kwa namna nyingine.

2.1 Njia ya ubongo

Wakati huo huo njia nyingine ilifunguka kwa madaktari wa neva. Mwaka 1914 Joseph Babinski, jijini Paris, alieleza wagonjwa waliopooza upande wa kushoto wa mwili baada ya kiharusi na ambao hawakujua kabisa kwamba wamepooza. Alikiita kitu hicho anosognosia, jina lililotokana na maneno ya Kigiriki yanayohusu maradhi na kujua. Watu hao hawakuwa wakaidi wala waoga. Sehemu ya ubongo iliyopaswa kuwapa habari juu ya miili yao ilikuwa imeumia. Kutokana na ugunduzi huo lilizaliwa wazo kwamba huenda kutofahamu maradhi katika saikosisi nako kunatokana na kasoro ya ubongo, hasa sehemu yake ya mbele, inayohusika na kupanga, kujisimamia na kujisahihisha.

Wazo hilo ni la maana, na baadaye lilipata ushahidi wa kiasi. Lakini kabla halijapimwa vizuri kwa wagonjwa, lilitumiwa kwa watu ambao hawakuwa wagonjwa.

3.0 Mathari na nadharia ya akili ya Mwafrika

Hospitali ya wagonjwa wa akili ya Nairobi ilifunguliwa mwaka 1910, na mwaka 1924 ikapewa jina la Mathari. Wagonjwa waliwekwa kwa kufuata ubaguzi wa rangi uliotawala koloni lote. Katika miaka ya 1930 aliyekuwa akiiongoza, Henry Laing Gordon, alijishughulisha na madai kwamba ubongo wa Mwafrika wa Kenya ulikuwa duni. Mwaka 1934 F. W. Vint, mwanapatholojia wa Nairobi, alichapisha uchunguzi wa bongo 100 za Waafrika, akidai kwamba tabaka la nje la bongo hizo lilikuwa jembamba kuliko la Wazungu. Fikra hizo zilikwenda sambamba na harakati za uboreshaji wa kizazi zilizopata wafuasi miongoni mwa walowezi wa Nairobi katika mwongo huo.

Aliyezipa fikra hizo sura ya saikolojia ni John Colin Carothers. Alikuwa daktari wa serikali asiye na mafunzo maalumu ya magonjwa ya akili alipokabidhiwa Mathari mwaka 1938, akakaa huko hadi mwaka 1950. Mwaka 1951 aliandika makala kuhusu sehemu ya mbele ya ubongo na Mwafrika, na mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani likachapisha kitabu chake kuhusu akili ya Mwafrika katika afya na maradhi. Alidai kwamba Mwafrika wa kawaida hufanana kitabia na Mzungu aliyefanyiwa upasuaji wa kukata nyuzi za sehemu ya mbele ya ubongo. Alidai pia kwamba sonona ni haba kwa Waafrika kwa kuwa Mwafrika huhamishia lawama nje, kwa mizimu, wachawi na majirani, na hivyo hajitazami wala hajihukumu.

Hoja hii inahitaji kuangaliwa kwa makini kwa sababu ndipo mambo mawili yalipogongana. Katika kliniki ya Ulaya, kutojitazama kulikuwa dalili ya mgonjwa. Katika kitabu cha Carothers kukawa sifa ya watu wote. Mfano wa upasuaji wa ubongo uliziba pengo kati ya mgonjwa na mzima, kwani Mwafrika mzima alielezwa kwa lugha ya jeraha. Na kwa kuwa kila maelezo ya Mwafrika kuhusu taabu yake yaliyotaja mzimu au uchawi yalihesabiwa kuwa ni kukwepa nafsi, hapakubaki njia ambayo Mwafrika angeweza kuonyesha kwamba anajijua, isipokuwa kwa kusema kama Mzungu.

Udhaifu wa ushahidi wake ulikuwa wazi. Aliwajua Waafrika kupitia wodi, na waliofikishwa wodini walikuwa hasa wale waliovuruga amani, waliokamatwa barabarani au waliowashinda jamaa zao. Mtu mwenye sonona anayejifungia ndani, halii kwa sauti na hampigi mtu, hakuwa na sababu ya kupelekwa Mathari. Kutoonekana kwake hospitalini hakukuwa ushahidi kwamba hayupo kijijini.

Athari ya nadharia hiyo haikuishia katika vitabu vya tiba. Mwaka 1954 serikali ya Kenya ilichapisha taarifa ya Carothers kuhusu saikolojia ya Mau Mau. Humo vita vilielezwa kwa kiasi kikubwa kuwa ni matokeo ya msukosuko wa akili wa watu waliokatwa kutoka kwenye mila zao kabla ya kuingia katika ustaarabu mpya, na kuhamishiwa watu katika vijiji vya pamoja kukapendekezwa kuwa sehemu ya dawa. Dai la ardhi liligeuka dalili. Huo ndio mfano mkubwa kuliko yote katika historia yetu wa kile kinachoweza kutokea pale ambapo kukataa kwa mtu kunasomwa kuwa ni kutojua. Wahenga walisema nyani haoni kundule. Daktari aliyeandika kwamba wengine hawajitazami hakuutazama upande aliokuwa ameusimamia yeye mwenyewe.

4.0 Majibu ya Afrika na ya dunia

Upinzani haukukawia. Thomas Adeoye Lambo wa Nigeria, aliyeanzisha utaratibu wa kuwatibu wagonjwa wakiishi na jamaa zao katika vijiji vya Aro karibu na Abeokuta, alizipinga jumla za Carothers. Frantz Fanon, aliyekuwa daktari wa magonjwa ya akili Blida nchini Algeria, alimtaja Carothers katika kitabu chake cha mwaka 1961 pamoja na madaktari wa Algiers waliokuwa na mawazo kama yake, akaonyesha kwamba sayansi hiyo ilikuwa mkono mwingine wa ukoloni.

Majibu ya takwimu yalikuja kutoka Uganda. John Orley, aliyeishi na kufanya utafiti miongoni mwa Waganda na kuchapisha kitabu chake mwaka 1970, alionyesha kwamba Waganda walikuwa na majina na maelezo ya kina ya maradhi ya akili, wakitofautisha eddalu, yaani wazimu, na ensimbu, yaani kifafa. Mwaka 1979 yeye na John Wing walichapisha uchunguzi uliotumia mahojiano ya aina moja kwa wanakijiji wa Uganda na wanawake wa London. Sonona haikuwa haba Uganda. Ilikuwa nyingi zaidi. Wanakijiji walipoulizwa kwa utaratibu, walieleza huzuni yao. Walichokosa hapo awali ni mwulizaji.

Je, inafuata basi kwamba kutofahamu maradhi ni uzushi wa ukoloni? Hapana, na hapa ndipo makala haya yanapotofautiana na wanaokomea kwenye lawama. Katika miaka ya 1960 Shirika la Afya Duniani lilianzisha uchunguzi wa skizofrenia katika vituo tisa: Aarhus, Agra, Cali, Ibadan, London, Moscow, Prague, Taipei na Washington. Wagonjwa 1,202 walichunguzwa, na matokeo ya kwanza yakachapishwa mwaka 1973. Dalili iliyoonekana mara nyingi kuliko zote kwa wenye skizofrenia ilikuwa ukosefu wa ufahamu wa maradhi, takriban asilimia 97. Ilionekana kwa wagonjwa wa London na Washington kama ilivyoonekana kwa wagonjwa wa Ibadan na Agra.

Takwimu hiyo inapiga pande mbili. Kwa upande mmoja inamwangusha Carothers: kutojitazama si sifa ya Mwafrika, kwa kuwa Mzungu mwenye skizofrenia naye hukosa ufahamu, na Mwafrika asiye na skizofrenia anao. Kwa upande mwingine inamzuia anayetaka kuamini kwamba hakuna tatizo lolote zaidi ya dhuluma ya madaktari. Uchunguzi uo huo, wagonjwa walipofuatiliwa baadaye, ulionyesha pia kwamba hali ya wagonjwa wa nchi kama Nigeria na India kwa wastani ilikuwa nzuri kuliko ya wale wa nchi tajiri. Ukosefu wa ufahamu mwanzoni mwa ugonjwa, kwa hiyo, si hukumu ya mwisho juu ya maisha ya mgonjwa.

5.0 Ufahamu wa maradhi na utendaji wa akili

Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980 watafiti waliacha kuuliza swali la ndiyo au hapana. Mwaka 1990 Anthony David wa London alipendekeza kwamba ufahamu wa maradhi una sehemu tatu zinazoingiliana lakini haziendi pamoja daima: kukubali kwamba unaumwa, kuweza kuyaita matukio ya ajabu ya akili, kama sauti zisizo na msemaji, kuwa ni ya kiugonjwa, na kukubali tiba. Mwaka 1993 Xavier Amador na wenzake nchini Marekani walitoa kipimo kirefu zaidi kinachouliza juu ya kila dalili peke yake na juu ya madhara ya ugonjwa katika maisha. Mwaka 2004 Aaron Beck na wenzake waliongeza upande mwingine: uwezo wa mtu kuyachunguza mawazo yake na kukiri kwamba huenda amekosea, ukilinganishwa na uhakika wake uliopita kiasi.

Vipimo hivyo viliwezesha kuuliza upya swali la Babinski. Mojawapo ya majaribio yaliyotumika sana ni lile la kupanga kadi lililotungwa Wisconsin. Mtu hupewa kadi zenye maumbo, rangi na idadi tofauti, azipange bila kuambiwa kanuni. Huambiwa tu kama amepatia au amekosea. Akishaizoea kanuni, mwendeshaji huibadilisha kimyakimya. Anayeweza kuacha kanuni ya zamani na kutafuta mpya anaonyesha wepesi wa akili unaotegemea kwa sehemu kubwa eneo la mbele la ubongo. Tafiti kadhaa zilikuta kwamba wagonjwa wanaong'ang'ania kanuni ya zamani mara nyingi huwa pia na ufahamu mdogo wa maradhi. Jambo hilo lina mantiki: kukubali kwamba “sauti hii haitoki nje, inatoka kwangu” ni kuacha maelezo ya zamani na kushika mapya.

Hata hivyo, André Aleman wa Uholanzi na wenzake walipokusanya tafiti nyingi pamoja mwaka 2006, waliona kwamba uhusiano kati ya ufahamu wa maradhi na utendaji wa akili upo lakini ni mdogo. Wapo wagonjwa wenye kumbukumbu nzuri na fikra kali wasiokubali kamwe kwamba wanaumwa. Wapo wengine ambao majaribio yote yanawashinda, na bado wanajua vizuri kwamba akili zao haziko sawa. Hii ndiyo sababu ya kihistoria na ya kisayansi ya kutotumia neno moja kwa mambo yote mawili. Kutokana na kukataa kwa mgonjwa hatuwezi kukisia akili yake ni dhaifu, wala kutokana na udhaifu wa akili yake hatuwezi kukisia kwamba hajui hali yake.

Jambo la tatu linapaswa kuongezwa. Ufahamu una gharama. Tafiti nyingi zimeonyesha kwamba wagonjwa wanaofahamu zaidi maradhi yao huwa pia na huzuni zaidi. Mwaka 2007 Paul Lysaker na wenzake walionyesha kwamba ufahamu unapoungana na fedheha, yaani mgonjwa anapoamini mabaya ambayo jamii inayasema juu ya watu kama yeye, matumaini yake na heshima yake kwa nafsi yake hupungua. Katika jamii ambamo neno kichaa humvunjia mtu ndoa na kazi, kukataa jina hilo kunaweza kuwa na sababu isiyo ya ubongo.

6.0 Lugha ya mgonjwa

Kiswahili kina njia nyingi za kuutaja wazimu, na nyingi kati yake humweka mtu kama mtendewa. Mtu hurukwa na akili. Hupagawa. Huchanganyikiwa. Pepo humpanda. Carothers angesoma vitenzi hivi kama ushahidi kwamba msemaji anahamishia mambo nje. Lakini Mswahili mwenye homa naye husema ameshikwa na homa, wala hakuna anayemtilia shaka kwamba anajua kuwa ni mgonjwa. Sarufi ya kutendewa inaeleza jinsi maradhi yanavyohisiwa, wala haionyeshi kutoyajua.

Tuchukue mfano wa kufikirika. Mama mmoja anafika kliniki kwa miguu yake na kusema: “Daktari, silali siku ya tano leo. Kuna watu wananisema usiku kucha na kichwa changu si changu. Shemeji yangu amenifanyia mambo.” Daktari anamwuliza kama ana ugonjwa wa akili. Anajibu kwa hasira: “Mimi si kichaa.” Kwa swali la ndiyo au hapana, mama huyu hana ufahamu wa maradhi. Kwa sehemu tatu za David, picha ni nyingine. Anajua kwamba amebadilika na kwamba anahitaji msaada, tena ameufuata mwenyewe. Sauti anazieleza kwa chanzo cha nje. Jina la ugonjwa analikataa. Mtu huyu ana hatua ya kwanza ya Jaspers bila ya pili, na tiba inaweza kuanzia pale alipofika: usingizi na kichwa kisichokuwa chake.

Upo pia mfano wa kinyume. Mgonjwa aliyekaa wodini majuma mengi hujifunza kwamba anayesema “ndiyo, daktari, naumwa” huruhusiwa kwenda nyumbani mapema. Katika utamaduni wetu, ambamo kumpinga mkubwa usoni ni utovu wa adabu, itikio hilo huja kwa urahisi. Jalada litasema kwamba ufahamu umerejea, kumbe kilichorejea ni adabu.

Tatizo hili haliko kwa Waswahili peke yao. Mnyarwanda anapokataa neno ibisazi, au Mganda anapokataa eddalu, anakataa jina zito ambalo jamii huwapa watu waliokwisha kushindikana. Mahojiano yanayotafsiriwa kutoka lugha moja hadi nyingine, kama yanavyofanyika kila siku katika hospitali za ukanda huu, huongeza hatari kwamba kukataa neno kutaandikwa kuwa ni kukataa hali.

7.0 Hitimisho

Historia iliyofuatiliwa hapa inatoa mafunzo mawili yanayopaswa kushikwa kwa pamoja. La kwanza ni kwamba ukosefu wa ufahamu wa maradhi ni jambo halisi katika saikosisi. Upo kwa watu wa mataifa yote, una uhusiano wa kiasi na utendaji wa akili, na unaweza kumwacha mtu bila tiba hadi akadhurika. Familia inayomshawishi kijana wao amwone daktari huku yeye akisisitiza kwamba ni mzima haihitaji kuambiwa kwamba tatizo hilo ni la kubuni. La pili ni kwamba dhana hii, ikitumiwa bila uangalifu, humwezesha mwenye mamlaka kugeuza kila pingamizi kuwa dalili. Afrika ya Mashariki iliyaona hayo kwa ukubwa wa taifa zima mwaka 1954, na yanaweza kurudi kwa udogo wa kitanda kimoja wodini.

Sheria za ukanda zimeanza kubadilika. Uganda iliiweka kando sheria yake ya tiba ya akili ya mwaka 1964 kwa sheria mpya ya afya ya akili ya mwaka 2018, na Kenya ilirekebisha sheria yake ya mwaka 1989 katika mwaka 2022. Mwelekeo wake ni kutoa nafasi kubwa zaidi kwa ridhaa ya mgonjwa. Lakini ridhaa haiwezi kupimwa kwa lugha isiyotofautisha mambo.

Kwa hiyo makala haya yanapendekeza mambo matatu. Kwanza, istilahi utambuzi, utendaji wa akili na ufahamu wa maradhi zitenganishwe katika kamusi za tiba na katika mitaala ya vyuo vinavyofundisha afya kwa Kiswahili. Pili, pale ambapo jalada linataka kauli juu ya ufahamu wa maradhi, yaandikwe maneno ya mgonjwa mwenyewe kwa lugha aliyoitumia, kabla ya uamuzi wa daktari, na uamuzi huo uguse sehemu tatu badala ya moja. Tatu, majalada ya zamani ya hospitali za ukanda huu, yale yaliyosalimika, yasomwe upya na wanahistoria wanaojua lugha za wagonjwa walioandikwa humo. Madaktari wa wakati huo waliandika kwamba wagonjwa hao hawakujijua. Huenda ndani ya kurasa hizo hizo yamo maneno yao, yaliyotafsiriwa vibaya au kwa haraka, yakionyesha kwamba baadhi yao walijua zaidi ya walivyodhaniwa.